Udhaifu wa Kiwavi ni Mali Yetu Sote

Hotuba kwa wakulima, viwanja vya Nane Nane, Ngongo, Lindi. Wengi waliosimama nje ya hema hawakusikia vizuri wakaniomba niiandike, nami nimeiandika karibu kama nilivyoisema.

Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Ushirika hoyee!

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, baba zangu, kaka na dada zangu wa Liwale, Nachingwea, Ruangwa na Kilwa, na ninyi wa Masasi, Newala na Tandahimba mlioondoka nyumbani alfajiri ili mtuwahi, karibuni sana.

Jana jioni mzee mmoja wa Kitangari alinisimamisha mlangoni mwa banda la mbegu. Akaniambia, "Bibi Shamba, nasikia huko duniani kuna mahindi, kiwavi akiyatafuna anakufa. Je, mimi nikiyatafuna?" Kijana aliyekuwa pembeni akacheka. Mzee akanyamaza, akaangalia chini. Usiku nililala namuwaza, maana lile halikuwa swali la kuchekwa. Wataalamu wa nchi kubwa waliliuliza kabla hawajaruhusu mbegu hizo zipandwe, na wengine wanaliuliza mpaka leo. Namwona mzee wangu yupo pale mstari wa pili. Baba, leo nakujibu wewe, wengine watusikilize.

Sumu inayosemwa ni ya bakteria. Jina lake refu ni Bacillus thuringiensis, kwa mkato Bt, na mimi nitamwita hivyo. Huyu hakutengenezwa na mtu. Anaishi udongoni, juu ya majani, kwenye vumbi la ghala, na huenda hata hapa tulipokaa yupo. Mwaka 1901 huko Japani, mtaalamu aitwaye Ishiwata Shigetane alimkuta ndani ya viwavi wa hariri waliokuwa wakifa ghafla. Kwa wafugaji wa hariri ulikuwa msiba, maana kiwavi yule ndiye riziki yao. Mwaka 1911 Mjerumani Ernst Berliner akamkuta tena, safari hii ndani ya viwavi wa nondo wa unga waliotoka kwenye kinu katika jimbo la Thuringia, na jina likatoka huko. Kwa mwenye kinu ilikuwa neema. Mwaka 1938 Ufaransa walikuwa tayari wanamuuza kama dawa ya shamba.

Sasa anauaje? Hapa naomba tusikimbie, kwa sababu mtu akishaelewa hapa hadanganywi tena, si na anayemtisha wala anayemuuzia.

Bt akiishiwa chakula anajifunga ndani ya ganda gumu, kama mbegu inayongoja mvua. Pembeni ya ganda hilo anaacha fuwele ndogo ya protini, isiyoonekana kwa macho. Fuwele hiyo imelala. Itie kwenye maji ya kisima, haifanyi kitu. Lakini tumbo la kiwavi lina magadi. Mama zangu mnaotia magadi kwenye kisamvu mnajua yanavyokilainisha. Basi utumbo wa kiwavi ni mkali kwa namna hiyo hiyo, na zaidi. Fuwele ikifika mle inayeyuka. Vimeng'enya vya kiwavi mwenyewe vinaikatakata, na kipande kinachobaki kinatafuta kufuli lake kwenye ukuta wa utumbo. Kikilipata kinanasa, vinakusanyika vipande kadhaa, ukuta unatoboka. Kiwavi anaacha kula ndani ya saa chache. Hafi papo hapo, anachukua siku mbili tatu, lakini mdomo umeshafungwa, na kwa mkulima mdomo ndiyo hasara.

Bt wana koo nyingi, na kila ukoo una ufunguo wake. Kuna wa viwavi wa nondo. Kuna wa mende wa majani. Kuna aliyegunduliwa mwaka 1976 kule Israeli, katika jangwa la Negevi, anayeua viluwiluwi vya mbu, na huyo ndiye anayezalishwa pale Kibaha, mkoani Pwani, katika kiwanda kilichojengwa kwa teknolojia ya Cuba. Kwa hiyo ukimwona mtu wa afya ananyunyizia madimbwi ya mtaani kwenu, usimfukuze. Hamwagi sumu ya kuua samaki. Anawatilia viluwiluwi chakula wasichokiweza.

Mwanadamu tumboni ana ndimu, hana magadi. Na kufuli lile la kiwavi, sisi hatuna. Hili ndilo jibu utakalopewa kila mahali, mzee wangu, na ni jibu la kweli. Lakini sitaki kukupa nusu ya ukweli halafu nusu nyingine ukaisikie sokoni. Katika mimea mingi iliyobadilishwa vinasaba, kama mahindi hayo uliyoyasikia, jeni ya Bt, yaani maagizo ya kutengeneza protini yake, ilipunguzwa kwanza ndipo ikapandikizwa. Mmea hautoi fuwele nzima iliyolala. Unatoa protini ambayo tayari imeshakatwa na kuamka. Kwa hiyo hoja ya magadi peke yake haitoshi, ulinzi wetu umebaki kwenye kufuli, na kwenye tumbo letu linaloimeng'enya protini hiyo kama linavyomeng'enya protini ya kunde. Mahindi ya namna hiyo yamelimwa na kuliwa tangu 1996, mifugo kwa watu, na vyombo vya kuchunguza usalama wa chakula katika nchi nyingi havikuona kwamba protini zilizoruhusiwa zinamdhuru mlaji. Mimi nikiwekewa ugali wake nitaula.

Ila kuna kisa kimoja nataka mkibebe. Mwaka 2000 Marekani waligundua kwamba aina moja ya mahindi ya Bt, iliyoitwa StarLink, iliyokuwa imeruhusiwa kwa chakula cha mifugo tu, imeingia kwenye chakula cha watu. Protini yake ilikuwa inachelewa kumeng'enywa, na wataalamu walihofia isije ikaleta mzio, ndiyo maana haikuruhusiwa kwa binadamu. Bidhaa zikaondolewa madukani. Waliolalamika kuugua walipimwa damu na haikupatikana dalili kwamba ni protini ile. Lakini angalieni jambo lenyewe. Nchi yenye maghala, mizani na karatasi za kila gunia ilishindwa kutenganisha mahindi ya ng'ombe na ya watu. Hapa kwetu gunia moja linatoa chakula cha kuku, pombe ya msiba na uji wa mtoto. Sheria yoyote ya mbegu itakayotegemea sisi kutenganisha magunia, mimi nitaipinga hata kama imeandikwa kwa wino wa dhahabu.

Niwaambie nilivyoifahamu Bt kwa mikono yangu.

Viwavijeshi vamizi waliingia nchini mwaka 2017. Mdogo wangu wa kiume analima eka mbili upande wa Masasi. Alikwenda dukani akauziwa chupa, lebo imefifia, tarehe haisomeki. Akapiga mchana wa jua kali, upepo ukimrudishia usoni. Usiku ule alitapika mpaka kunapambazuka, mkewe kamshika mgongo, mimi nimeshika taa. Na viwavi? Walikuwa salama ndani ya moyo wa mhindi, chini ya ule unga wa kinyesi unaofanana na vumbi la mbao, dawa haikuwafikia. Msimu ule alipiga mara tano. Maji moto, wale sisimizi wakali wa mitini, waliokuwa wameshona viota vyao vya majani kwenye mwembe wa pembeni walikwisha. Viwavi hawakwisha.

Msimu uliofuata nikapata pakiti ya Bt ya unga. Tukaijaribu mistari sita. Tulipiga saa kumi na mbili jioni kwa sababu jua linaiua haraka, na tulipiga viwavi wakiwa bado wembamba kama uzi, jani limeingia vidirisha tu, halijatoboka. Siku ya tatu asubuhi nilifungua moyo wa mhindi wa kwanza. Kiwavi alikuwa amening'inia kichwa chini, mwili umelegea kama kamba iliyolowa, umeanza kuwa mweusi kutokea katikati. Nilimgusa kwa kijiti, akapasuka. Pembeni yake alikuwapo buibui mdogo anatembea zake. Nilisimama pale namwangalia yule buibui kwa muda mrefu kuliko nilivyomwangalia kiwavi. Miaka yote ya kazi yangu nilikuwa nimewafundisha watu dawa zinazoua kila chenye miguu.

Sisemi ni muujiza. Viwavi wakubwa, wale wa unene wa kalamu, hawakutikisika. Mvua ya siku ya nne iliosha kilichobaki, ikabidi turudie. Tena baadaye nikajifunza kwamba Bt ya madukani ina aina, na kwa viwavijeshi ile iitwayo aizawai kwa kawaida inafaa zaidi ya ile iitwayo kurstaki. Neno hilo limeandikwa kwa herufi ndogo kwenye lebo, litafuteni. Mwenye duka asiyejua anauza nini, mrudishieni pakiti yake.

Basi hizo kero mbili, jua na mvua, ndizo zilizowapeleka wanasayansi maabara. Walijiuliza, kwa nini tupulize kila wiki, wakati mmea wenyewe unaweza kufundishwa kuitoa sumu hiyo? Mwaka 1987 watafiti wa Ghent, Ubelgiji, walitangaza kwamba wamefanikiwa kwenye tumbaku. Walimtumia bakteria mwingine wa udongoni, Agrobacterium, ambaye tangu asili ana tabia ya kuingiza jeni zake ndani ya mimea. Wakampakia jeni ya Bt kama mtu anavyopakia mzigo kwenye gari linalokwenda njia ileile. Mwaka 1996 pamba na mahindi ya Bt yakaanza kulimwa Marekani kibiashara. Kila jani, kila bua, usiku na mchana, kutoka kuota mpaka kuvuna, lina sumu. Kiwavi anayejificha ndani ya bua, ambaye dawa ya pampu haimpati kamwe, anakutana nayo mle mle alimojificha.

Nguvu yake iko hapo, wanaushirika. Na hatari yake iko hapo hapo.

Nondo wa kiwavijeshi anataga mayai zaidi ya elfu moja maishani mwake. Katika maelfu ya maelfu ya viwavi kuna mmoja ambaye kufuli lake limezaliwa limepinda kidogo, ufunguo wa Bt hauingii. Hatukumtengeneza sisi, alikuwapo. Ukipulizia Bt leo na kuacha wiki, wenzake wanaishi pamoja naye, na yeye anapotea katikati yao. Lakini ukipanda Bt shamba zima, kijiji kizima, wilaya nzima, msimu kwa msimu, wenzake wote wanakufa anabaki yeye na wa aina yake. Atamwoa nani? Atamwoa mwenzake sugu. Watoto wote watakuwa sugu. Na shamba lote ni lao.

Ndiyo maana nchi nyingi zilizoruhusu mbegu hizi ziliweka sharti. Kila anayepanda Bt apande na kipande cha mbegu ya kawaida pembeni, kinaitwa kimbilio. Pale viwavi wa kawaida wanakula, wanakua, wanakuwa nondo. Yule sugu mmoja akitokea, kwa wingi wao ataoana na wa kimbilioni, na watoto wao kwa kawaida bado ufunguo unawaingia, wanakufa. Unamlisha kiwavi kipande cha shamba lako ili abaki dhaifu. Mkulima akisikia hivyo mara ya kwanza anaona ni wazimu. Hata mimi niliona hivyo.

Sikilizeni yaliyotokea India. Pamba ya Bt iliruhusiwa mwaka 2002. Mkulima aliponunua mfuko wa gramu 450 wa mbegu ya Bt, alipewa na kapakiti ka gramu 120 za mbegu ya kawaida kwa ajili ya kimbilio. Sasa jiweke mahali pake. Una eka mbili, una deni, una watoto. Utampa kiwavi mistari yako? Wengi waliiacha ile mbegu ndogo, hawakuipanda. Mwaka 2010 ikatangazwa kwamba kule Gujarat funza wa vitumba wanayemwita wa waridi ameizoea sumu ya kwanza. Mbegu yenye sumu mbili ilikuwa imeshatoka tangu 2006, na baada ya miaka michache akaizoea nayo. Wakulima wakarudi kwenye pampu, huku wamekwisha lipia mbegu ghali.

Sasa mdudu yule yule, Arizona, Marekani. Wakulima walipanda makimbilio kama walivyoagizwa, miaka kumi, na mdudu hakuzoea. Kuanzia 2006 wakaongeza kuachia mamilioni ya nondo waliofanywa tasa. Mwaka 2018 serikali yao ikatangaza kwamba funza huyo ameondoka kabisa katika mashamba ya pamba ya nchi ile. Mdudu alikuwa mmoja, sumu ilikuwa ya jamaa moja. Kilichotofautiana ni watu walivyokubaliana na kuyashika makubaliano yao.

Na msidhani ni pamba tu. Afrika Kusini walianza mahindi ya Bt mwaka 1998, mwaka 2007 ikaripotiwa kwamba funza wa mabua ameshazoea. Puerto Rico mwaka 2006 alikuwa kiwavijeshi, huyu huyu aliyetuingilia sisi. Hata dawa ya kupulizia haina kinga. Hawaii, mwaka 1990, nondo wa kabichi alikuwa tayari ameizoea Bt ya pampu, kwa sababu watu walipulizia bila kupumzika.

Kwa hiyo nikiulizwa, Bibi Shamba, wewe ni wa GMO, yaani hizi mbegu zilizobadilishwa vinasaba, au si wa GMO, mimi nasema kuna kitu mnakisahau kukitaja. Katika biashara hii yote kuna mali moja ambayo hakuna aliyeinunua, nayo ni ule udhaifu wa kiwavi. Kufuli lake. Aliumbwa nalo. Ni kama kisima cha kijiji, kila mtu anachota, hakuna mwenye hati. Mwenye kampuni anauza ufunguo kwa miaka kumi, kufuli likipinda anatengeneza ufunguo mwingine anauza tena. Mkulima hana kufuli lingine. Na yule jirani ambaye hata hakununua mbegu, anayepulizia Bt ya pakiti kwenye mchicha wake kule bondeni, naye kaporwa, wala hajui kaporwa lini.

Nikitazama mashamba yetu ya kusini kwa jicho hilo, naona kitu ambacho zamani nilifundishwa kukidharau. Nilipomaliza chuo nilikuja huku na maneno ya mazao safi, mstari mmoja zao moja. Nikawakuta mama zangu wamechanganya mahindi, mbaazi, kunde, muhogo, mtama, ufuta pembezoni. Niliwasema sana. Sasa naona kule China kaskazini, wakulima wa pamba ya Bt hawakulazimishwa kupanda kimbilio. Funza wa vitumba wa kule, ambaye ndiye huyu anayetoboa maganda ya mbaazi zetu, alichelewa kuzoea kwa sababu pembeni ya pamba kulikuwa na mahindi, soya na karanga za kawaida, anakula humo, anazaliana humo akiwa dhaifu. Mama zangu, mchanganyo wenu ni kimbilio. Mlikuwa nalo kabla halijapewa jina, na naomba radhi kwa yale niliyowaambia miaka ile.

Lakini kule kule China kuna habari nyingine, na hii inatuhusu sisi wa korosho moja kwa moja. Walipoacha kupulizia pamba kwa sababu ya Bt, wadudu wafyonzaji wakaongezeka, wakahamia mpaka kwenye miti ya matunda jirani. Bt haiwagusi. Mfyonzaji hatafuni jani, anachoma sindano yake na kunyonya. Wadudu wale wa China ni wa familia moja na mbu wa mikorosho, ambaye si mbu wa kuuma watu. Huyu wetu anayekausha machipukizi mpaka mkorosho unaonekana kama umepitiwa na moto. Akija mtu kijijini kwako akikuambia mbegu ya Bt itaokoa korosho, mwambie asimame kwanza. Sumu hizi si za mbu wa mikorosho, na wala haziwezi kitu kwa ubwiriunga, ule ni ukungu. Kwa mbu huyo tunaye askari tayari, maji moto. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, Mtwara, wamewachunguza miaka mingi. Mkorosho wenye maji moto wengi, mbu anapata tabu. Najua wanauma wakati wa kuokota na kupogolea, najua mnawachoma moto. Waacheni. Hapa ndipo ninapoiheshimu Bt, ya pakiti au ya kwenye mbegu: inamchagua kiwavi na kumwacha maji moto. Ile chupa aliyouziwa mdogo wangu haikuchagua.

Sasa niseme la mbegu ni ya nani, maana huku kwetu huwezi kulikwepa.

Nandete iko hapa hapa mkoani Lindi, wilaya ya Kilwa, kwenye vilima vya Umatumbi. Mwezi Julai 1905 watu wa pale waling'oa pamba. Waling'oa pamba waliyolazimishwa kuilima kwa ajili ya wengine, na Vita vya Maji Maji vikaanzia hapo. Hawakuichukia pamba kwa kuwa pamba, wazee wetu wanaifahamu nguo. Walikataa zao ambalo hawakuulizwa. Baadaye pamba ikafungiwa kusini, safari hii kwa ajili ya mdudu, funza mwekundu, ambaye si yule wa waridi, atokaye upande wa Msumbiji na Malawi, ili asipande kwenda kwenye mashamba ya Kanda ya Ziwa. Kwa hiyo katika ardhi hii, mdudu na amri ya nani apande nini ni mambo yaliyofungamana tangu babu zetu. Anayekuja na mbegu mpya aijue historia hiyo kabla hajashuka kwenye gari.

Burkina Faso waliipanda pamba ya Bt kuanzia 2008. Funza alikufa kweli, mavuno yalipanda. Lakini nyuzi zikawa fupi kuliko za pamba yao ya zamani iliyokuwa ikisifika sokoni, bei ikashuka, na kufika 2016 wakaachana nayo. Ninyi mnaouza kwa mnada na stakabadhi ghalani mnalielewa hilo bila kuelezwa. Korosho ikishushwa daraja, hakuna anayekuuliza uliua wadudu wangapi.

Hapa nchini, majaribio ya mahindi yaliyobadilishwa vinasaba yalianza Makutupora, Dodoma, mwaka 2016. Novemba 2018 wizara ikaamuru yasimamishwe, na Januari 2021 waziri wa kilimo wa wakati ule, Profesa Adolf Mkenda, akatangaza kuyasitisha majaribio ya GMO. Wenzetu wa Afrika wamekwenda njia nyingine. Kenya waliruhusu pamba ya Bt mwishoni mwa 2019. Nigeria waliruhusu kunde za Bt mwaka 2019, zilizotengenezwa kwa ajili ya yule kiwavi wa maua na maganda ya kunde ambaye na sisi tunaye, na Januari 2024 wakaruhusu mahindi. Msumbiji walifanya majaribio Chókwè, mkoa wa Gaza. Nondo havuki Ruvuma kwa pasi, jamani. Kiwavi atakayezoea sumu ng'ambo ile, watoto wake watalala kwenye mahindi ya Nanyumbu. Kwa hiyo hata tukibaki na mlango umefungwa, kisima ni kimoja.

Ninachotaka mimi ni kwamba siku serikali itakapoleta jambo hili mezani, na ipo siku italileta, pale mezani awepo mkulima wa eka mbili aliyekwisha kuelewa kufuli ni nini. Aulize kimbilio litapandwa wapi na nani atakayelipwa kwa kuliacha liliwe. Aulize kama mbegu naweza kuiweka juu ya dari kwa moshi wa jiko nikaipanda mwakani, au nitashitakiwa. Aulize ni mdudu gani hasa, na amwombe mtaalamu amwonyeshe mdudu huyo kwenye kiganja. Nimezikuta semina nyingi ambazo aliyezungumza juu ya kiwavi hajawahi kumshika.

Mzee wangu wa Kitangari, nadhani nimekujibu. Nimeona umetikisa kichwa mara mbili, ile ya pili sikuielewa kama ni ndiyo au hapana, tutazungumza.

Muda wangu umekwisha, mwenyekiti ananiangalia. Nyuma ya banda la mbegu kuna kitalu cha mahindi tulichopanda mwezi uliopita na tunakimwagilia. Mistari minne imepigwa Bt ya aizawai juzi jioni. Miwili ya mwisho, karibu na bomba, hatukuigusa. Nina lenzi saba za mkononi, zinatosha mtu na jirani yake. Fungueni moyo wa mhindi taratibu msivunje jani, na mkimkuta aliyelegea wekeni kwenye kikopo cheupe, mzima kwenye cheusi, halafu tuvihesabu pamoja. Kina mama tangulieni, jua bado halijawa kali.